Mchovu si Mvivu: Lini Tumwone Bingwa wa Tezi?

Hakuna neno linalotamkwa kwa wepesi shuleni kama neno mvivu. Mwanafunzi akisinzia darasani ni mvivu. Akichelewa kumaliza zoezi ni mvivu. Mwalimu wa kike akirudisha madaftari bila ya kuyasahihisha, chumba cha walimu hunong'ona kwamba bibi huyo siku hizi amezama katika uvivu. Jamii yetu, iliyolelewa kwa methali za kuhimiza kazi, haina subira na mzembe, wala haistahili kulaumiwa kwa hilo. Hata hivyo, hukumu hutanguliwa na ushahidi. Yako maradhi ambayo dalili zake hufanana na uvivu kama shilingi kwa ya pili, na kwa sababu hiyo mgonjwa huweza kuhukumiwa miaka mingi kabla ya kutibiwa. Maradhi hayo ni ya kulegea kwa tezi ya shingoni, ile ambayo madaktari huiita thairoidi.

Tezi hii ina umbo la kipepeo aliyetandaza mbawa zake, nayo imekaa mbele ya shingo, chini kidogo ya kikoromeo. Kazi yake ni kutengeneza homoni iitwayo thairoksini na kuimwaga katika damu. Homoni hiyo ndiyo inayoamua kasi ya mwili: moyo upige kwa mwendo gani, chakula kigeuzwe nguvu kwa haraka gani, akili iwe nyepesi au nzito, mtoto arefuke au adumae. Tezi ikilegea, mwili mzima hupunguza mwendo, mithili ya jahazi lililokosa upepo katikati ya safari.

Dalili zake haziji kwa kishindo. Mtu huanza kuchoka bila ya kufanya kazi ya kuchosha, na usingizi wa usiku kucha haumwondolei uchovu huo. Uzito humwongezeka ingawa hali zaidi ya alivyokuwa akila. Ngozi hukauka, nywele hukatika, sauti hukwaruza, choo hufunga, hedhi ya mwanamke huwa nzito au hupoteza mpangilio wake. Kumbukumbu hupungua na moyo hujaa huzuni isiyo na sababu. Zaidi ya yote, mgonjwa huhisi baridi pale ambapo wenzake wanatokwa na jasho. Sote tunalijua joto la Mombasa la mwezi wa Februari, wakati wakazi wa Kizingo wanapomiminika jioni kwenye ufuo wa Mama Ngina kupunga upepo. Mtu anayejitanda shali nzito katika joto kama hilo na kuomba pangaboi lizimwe, tena si mgonjwa wa homa, ana jambo mwilini linalostahili kuulizwa.

Taabu ni kwamba kila dalili, ikitazamwa peke yake, ina maelezo yake mepesi. Unene husemwa kuwa ni wa maandazi, uchovu ni wa umri, usahaulifu ni wa mawazo, huzuni ni ya husuda au jini. Kila jirani ana jibu lake, na mgonjwa mwenyewe huyakubali yote. Ndiyo maana watu hufika hospitalini wakiwa wamechelewa, baada ya kuzunguka kwa waganga, kununua vidonge vya kuongeza damu na kujaribu kila dawa ya kupunguza unene iliyotangazwa sokoni.

Liko pia dai moja ambalo sisi watu wa pwani tumelishikilia kwa fahari, nalo ni kwamba maradhi ya tezi ni ya watu wa bara na wa milimani, wasioonja samaki. Dai hilo lina chembe ya ukweli. Tezi haiwezi kutengeneza homoni bila ya madini ya iodini, ambayo ndugu zetu wa Tanzania huyaita madini joto, na samaki wa baharini wanayo. Iodini ikikosekana, tezi huvimba na kuwa rovu. Lakini utafiti kuhusu visiwa vya Zanzibar uliochapishwa mwaka 2006 ulituvunjia fahari yetu. Pemba, kisiwa kilichozungukwa na bahari pande zote, kilionekana kuwa na upungufu wa iodini mkubwa kuliko Unguja, watoto wengi wa shule walikuwa na rovu, na chumvi yenye madini hayo ilikuwa adimu mno majumbani. Imani ya kuwa bahari inatosha ndiyo iliyowafanya watu wasione haja ya chumvi hiyo. Hapa Kenya, sheria ya kutia iodini katika chumvi ya mezani ilikuja katika miaka ya 1970, na sehemu kubwa ya chumvi ya taifa hili huvunwa papa hapa pwani, katika mashamba ya Gongoni na Marereni. Basi anayenunua chumvi na atazame kama pakiti imeandikwa kuwa ina iodini, wala asijitegemeze kwa changu na tasi peke yao.

Jambo jingine linalozungumzwa mno ni muhogo. Katika kisiwa cha Idjwi, kilichomo ndani ya Ziwa Kivu huko mashariki mwa Kongo, watafiti walioanza kazi yao katika miaka ya 1960 waligundua kuwa muhogo usioandaliwa vyema huacha mwilini kemikali inayoizuia tezi kuipokea iodini, na kwamba madhara hayo huwapata hasa watu ambao iodini yao tayari ni haba. Kwa hiyo, msomaji anayekwenda kula mihogo ya kukaanga pale Lighthouse asitishike. Chakula cha jioni moja hakimletei mtu maradhi. Hatari imo katika ufukara wa mlo mzima.

Fauka ya hayo, mahali penye iodini ya kutosha, sababu kubwa ya tezi kulegea si chakula hata kidogo. Mwaka 1912 daktari wa Kijapani aitwaye Hakaru Hashimoto alieleza hali ambayo leo inaitwa kwa jina lake. Katika maradhi hayo, kinga ya mwili, iliyowekwa kuwalinda wenyeji dhidi ya wavamizi, huigeukia tezi na kuishambulia hadi ikachakaa. Kweli wahenga walinena kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Wanawake hupatwa mara nyingi zaidi kuliko wanaume, na maradhi haya hupenda kutembea katika ukoo. Wako pia wanaolegea tezi kwa sababu ya upasuaji wa shingo, au kwa dawa fulani kama lithiamu, amiodaroni ya moyo, na ethionamaidi wanayopewa baadhi ya wagonjwa wa kifua kikuu sugu. Hakuna mmoja kati ya hawa aliyejitakia.

Tiba ipo, tena ni ya siku nyingi. Mnamo mwaka 1883 daktari mpasuaji Theodor Kocher wa Uswisi alitangaza kwamba wagonjwa wake wengi aliowaondolea tezi yote kwa sababu ya rovu walikuwa wamepumbaa na kuwa wazito wa mwili na akili. Hivyo ndivyo umuhimu wa tezi ulivyozidi kufahamika, na Kocher alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1909. Mwaka 1891 huko Uingereza, daktari kijana George Murray alimdunga sindano ya maji yaliyokamuliwa katika tezi za kondoo mwanamke wa miaka 46 aliyekuwa ameelemewa na maradhi haya. Mama huyo aliinuka, akaendelea na dawa yake, akaishi miaka 28 zaidi. Leo hatuhitaji kondoo. Thairoksini hutengenezwa kiwandani, humezwa kidonge kimoja kwa siku, na imo katika orodha ya dawa za lazima ya Shirika la Afya Duniani.

Kipimo nacho ni cha damu tu. Chini ya ubongo ipo tezi ndogo, pituitari, ambayo kwa tezi ya shingoni ni kama mwalimu mkuu kwa mwalimu wa darasa. Kazi ikizorota, mwalimu mkuu hupaza sauti. Sauti hiyo ndiyo homoni iitwayo TSH. Daktari akiona TSH imepanda na thairoksini imeshuka, anajua kuwa tezi imelegea. Daktari wa kawaida, katika hospitali ya kawaida, anaweza kuagiza kipimo hicho, kuandika dawa, na kupima tena baada ya wiki sita hadi nane ili arekebishe kiasi. Wagonjwa wengi hawahitaji zaidi ya hapo.

Hapa ndipo tunapofika kwenye swali lenyewe: ni lini basi mtu aamue kwenda kwa daktari bingwa wa homoni? Katika jambo hili naona makosa mawili yanayopingana. Wako wenye uwezo ambao huona ni fedheha kutibiwa na daktari wa kawaida, wakakimbilia kwa bingwa siku ya kwanza, wakamlipa pesa nyingi kwa kidonge ambacho wangepewa karibu na nyumbani. Na wako wengine, ambao ni wengi zaidi, wanaodhani kwamba kutumwa kwa bingwa ni dalili ya kifo, au ni anasa ya matajiri, wakakaa na taabu yao mwaka baada ya mwaka. Wa kwanza tuwakumbushe kuwa haraka haraka haina baraka. Wa pili tuwaambie kuwa ngoja ngoja huumiza matumbo. Uamuzi huu usiongozwe na fahari wala hofu. Uongozwe na sababu, na sababu hizo zinajulikana.

Kwanza, mgonjwa akiwa mtoto, tangu mchanga hadi kijana, ni haki yake kuonwa na bingwa, kwa kuwa ubongo na kimo chake havingojei. Pili, mwanamke mjamzito au anayetaka kubeba mimba, kwani mahitaji ya homoni hupanda tangu wiki za mwanzo, na upungufu wake huweza kuiharibu mimba au kumdhuru mtoto. Tatu, mgonjwa wa moyo, ambaye dawa ikianzishwa kwa kiasi kikubwa ghafla huweza kumletea hatari. Nne, mwenye rovu, uvimbe au kinundu shingoni, maana kinundu hutaka kuchunguzwa kwa picha na pengine kwa sindano. Tano, yule ambaye amemeza dawa kama alivyoagizwa na kupimwa tena na tena, ilhali vipimo havikai sawa. Sita, yule ambaye majibu yake ya maabara hayapatani yenyewe kwa yenyewe, au anayedhaniwa kuwa na kasoro katika tezi nyingine.

Sababu hiyo ya mwisho inastahili kufafanuliwa, kwa kuwa inawagusa kina mama zetu. Mwanamke aliyetokwa na damu nyingi mno wakati wa kujifungua huweza kuharibikiwa na pituitari. Maziwa hayatoki, hedhi hairudi, na uchovu humwandama miaka na miaka. Kwake yeye mwalimu mkuu mwenyewe ndiye aliyenyamaza, hivyo TSH haipandi, na daktari anayetazama kipimo hicho kimoja tu huweza kumwambia kuwa hana neno. Tena akipewa thairoksini kabla ya kurudishiwa homoni nyingine muhimu, kotiso, anaweza kuzidiwa vibaya. Huyu bingwa si anasa kwake. Ni suala la uhai.

Nakiri kwamba ni rahisi kuyaandika haya kuliko kuyatekeleza. Kizingo imejaliwa. Hospitali ya Aga Khan ipo katika Barabara ya Vanga, na Hospitali ya Mombasa haiko mbali na Mama Ngina. Upande wa pili wa kisiwa ipo Hospitali Kuu ya Pwani, ambayo wenyeji tumezoea kuiita Makadara. Lakini mabingwa wa homoni ni wachache nchini, na wengi wao wamekusanyika Nairobi. Mwalimu anayetoka ndani ya Kwale huvuka kivuko cha Likoni akijua kuwa siku yake nzima imekwisha. Mwenye kutumwa Nairobi huhesabu nauli, malazi na siku alizokosa kazini. Kwa hiyo safari hiyo na ifanywe mara moja na kwa matayarisho. Mgonjwa achukue barua ya daktari wake, majibu yote ya damu pamoja na tarehe zake, na vidonge vyote anavyomeza, pamoja na vya mitishamba. Aandike kwenye karatasi dalili zake na wakati zilipoanza, na aulize katika ukoo ni nani mwingine aliyewahi kuugua tezi. Kabla ya kutoka nyumbani aulize pia bima yake inalipa nini, hasa baada ya NHIF kuondoka na SHA kushika nafasi yake mwezi wa Oktoba 2024.

Aidha, kabla ya kusema kuwa dawa imeshindwa, mgonjwa na ajichunguze namna anavyoimeza. Thairoksini hutaka tumbo tupu, kwa maji, nusu saa hadi saa moja kabla ya chai ya asubuhi. Kuimeza pamoja na chai ya maziwa na mahamri, au pamoja na vidonge vya madini ya chuma na kalisi, ni kuipunguzia nguvu. Vidonge hivyo vikae mbali nayo kwa saa nne. Mwezi wa Ramadhani haumlazimishi mtu kuiacha dawa: aweza kuimeza usiku, saa tatu baada ya mlo wake wa mwisho, au nusu saa kabla ya daku, kwa ushauri wa daktari. Wengi hupata nafuu, wakaona wamepona, wakaiacha. Kwa aliye wengi dawa hii ni ya maisha, na kuimeza kila siku si udhaifu, kama vile mwenye miwani hatuambii kuwa ameshindwa kuona.

Nirejee shuleni, kwa kuwa nina hakika mwalimu anaweza kuyaona maradhi haya kabla ya daktari. Mtoto ambaye mwaka juzi alikuwa mrefu sawa na wenzake na leo amebaki nyuma, anayenenepa bila ya kurefuka, aliyekuwa akifanya vyema na sasa anaburura masomo, huyo hahitaji kiboko, ambacho kwa vyovyote sheria za Kenya zimekipiga marufuku. Anahitaji mzazi wake aitwe na kuelezwa kwa upole kwamba kipimo cha damu hakitamdhuru. Atakuwapo mwenye kupinga, aseme kwamba tukianza kumpeleka kila mwanafunzi mzembe hospitali, shule zitageuka wodi. Hoja hiyo ina uzito, kwani wengi wanaosinzia darasani wamekesha tu, au wameamka na njaa. Lakini sisemi apelekwe kila anayesinzia. Nasema atazamwe aliyebadilika, yule ambaye dalili zake ni nyingi na zimedumu. Mwalimu anayewajua wanafunzi wake ataweza kutofautisha.

Serikali nayo ina deni. Tangu miaka ya 1970, kuanzia Quebec huko Kanada, nchi nyingi zimeweka desturi ya kumtoboa mtoto mchanga kisiginoni na kupima tone la damu, ili yule aliyezaliwa na tezi isiyofanya kazi aanzishiwe dawa katika wiki zake za kwanza. Akianzishiwa mapema hukua na akili zake timamu. Akicheleweshwa, kilichopotea katika ubongo hakirudi. Kwetu kipimo hicho bado hakijawa desturi ya kila wodi ya wazazi. Kila mwaka kinapokosekana, wapo watoto wanaoingia madarasani wakiwa wamenyang'anywa uwezo wao kwa kukosa tone moja la damu na kidonge cha bei nafuu, kisha sisi huwaita wazito wa akili.

Kwa hiyo mwenye uchovu usioeleweka na aanze kwa kipimo, si kwa lawama. Kipimo kikionyesha kasoro, aanze dawa kwa daktari aliye karibu naye. Na pale sababu nilizozitaja zinapojitokeza, asione haya kuomba barua ya kwenda kwa bingwa, wala mume, mzazi au mwalimu mkuu asimzuilie njia. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini hapa wenye kuyaficha si wagonjwa peke yao. Hata sisi tunaomwita mwenzetu mvivu kabla ya kumuuliza anaumwa na nini tunayafunika pamoja naye.